Kilichokamilika Kwingine

Mwaka 1964 kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale kilitoa mbegu ya mahindi iliyopewa jina H611. Mzazi wake mmoja alikuwa Kitale Synthetic II, mahindi yaliyochaguliwa hapahapa katika nyanda za juu za Trans Nzoia. Mzazi wa pili alikuwa Ecuador 573, mbegu ya Amerika ya Kusini iliyofika Kitale kutokana na safari ya mtafiti Michael Harrison katika Amerika ya Kilatini mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakuna hata mmoja wa wazazi hao aliyezaa peke yake kama walivyozaa walipokutana. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho, ikaingia katika kuzalisha na kuuza mahindi chotara, na mkulima mwenye ekari moja akaanza kupanda mbegu ileile aliyopanda jirani yake mwenye trekta.

Naanza na mahindi ingawa kazi yangu ni kompyuta. Nawafundisha vijana wa Kitale na Bungoma kuandika programu, na kila kundi jipya, kabla halijaandika mstari wowote, sharti liweke kompaila kwenye mashine zake. Wengi huichukulia shughuli hiyo kuwa kero ya kutangulia, ya kumalizwa upesi ili somo lianze. Nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo somo lilipo. Kuichukua kompaila iliyojengwa kwingine, kuiweka mahali pake, na kuionyesha mashine ziko wapi maktaba zake, yaani mafaili ya msimbo ulio tayari ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja, kunatufundisha jambo linalotuhusu sana sisi ambao vyombo vyetu vingi hutufikia vikiwa tayari. Kitu kilichokamilika kwingine bado hakijakamilika hapa. Sehemu ya mwisho ya kazi hufanyika kinapofikia, na anayeifanya ni mjenzi sawa na aliyeanza.

Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa maagizo ambayo prosesa ya kompyuta inaweza kuyatekeleza. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani, alitengeneza A-0, mojawapo ya hatua za kwanza kabisa katika njia hiyo. Mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa kompaila ya Fortran, na wanasayansi wakaacha kuandika maagizo ya mashine kwa namba moja moja. Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa toleo la kwanza la GCC, kompaila ya mradi wa GNU alioutangaza mwaka 1983 ili pawe na programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. GCC ndiyo ninayofundishia, kwa sababu inafanya kazi kwenye laptopu kuukuu zenye Linux ambazo wanafunzi wangu wanaweza kuzinunua.

Wenye GCC hawatoi kompaila iliyo tayari. Wanachotoa rasmi ni msimbo wake, yaani maandishi yenyewe, na anayetaka aijenge mwenyewe. Kuijenga ni kazi ndefu. Kwa utaratibu wake wa kawaida, GCC hujengwa mara tatu: kwanza kwa kompaila iliyopo kwenye mashine, kisha kwa ile iliyozaliwa katika hatua ya kwanza, kisha kwa ile ya hatua ya pili, na mazao ya hatua mbili za mwisho hulinganishwa ili kuhakikisha kwamba hayatofautiani. Kwa laptopu ndogo hiyo ni kazi ya saa nyingi. Mvua za Aprili zikishika Kitale, stima inaweza kupotea alasiri na kurudi usiku, na betri ya laptopu iliyotumiwa na watu wawili kabla yako haiwezi kuvumilia kiasi hicho.

Ndiyo maana twachukua iliyojengwa tayari. Mtu fulani, kwenye mashine yenye nguvu, ameshazipitia saa hizo, akayakusanya mazao yake katika faili moja iliyofungwa, akaiweka mahali pa kupakuliwa. Kabla ya mwaka 2009 hata kupakua kulikuwa mtihani huku, kwa kuwa Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia. Mwaka huo ndipo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kati ya mwaka 2005 na 2011 watengenezaji wa Ubuntu walikuwa wakituma CD za bure kwa posta, popote duniani, kwa yeyote aliyeandika kuziomba, na mfumo mzima wa kompyuta ukawa unaweza kufika katika sanduku la barua la mji mdogo. Leo mtu mmoja mwenye bando hupakua faili mara moja, kisha faili hiyo husafiri kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono, kutoka saiba ya Kitale hadi chumba cha mwanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, barabara ya Chwele.

Safari hiyo ya flashi ndiyo inayonifanya nisimruhusu mwanafunzi kufungua faili kabla ya kuipima. Amri ya sha256sum huisoma faili yote na kutoa alama ya herufi na tarakimu 64. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama yote hubadilika. Mwanafunzi huitafuta alama rasmi kwenye ukurasa wa waliotoa faili, jambo ambalo simu yoyote yenye salio dogo inaweza kulifanya, kisha huzilinganisha. Zikilingana, ajue kwamba faili aliyopewa na rafiki wa rafiki ni ileile iliyotolewa na wenyewe. Mkulima wa Trans Nzoia hahitaji hotuba ndefu juu ya jambo hili. Amewahi kusikia, au ameonja mwenyewe, uchungu wa mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi na kuuzwa kama mbegu, na anaujua utepe wa KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, ulio kwenye pakiti na ambao hukwanguliwa ili namba iliyofichwa itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na jibu lirudi likisema kama mbegu ni halali. Aliyejifunza kukwangua utepe huo ameshaelewa kwa nini programu hupimwa kabla ya kufunguliwa.

Lakini alama ya kulingana inathibitisha jambo moja tu, kwamba faili haikubadilishwa njiani. Haisemi kama wenyewe walikuwa waaminifu. Mwezi Machi mwaka 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashine zake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, kumekuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakulipuuza. Alifuatilia mpaka akaifikia maktaba ndogo ya kubana mafaili, xz, na akakuta kwamba matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yamefichiwa mlango wa nyuma. Sehemu muhimu ya hila hiyo ilikuwa ndani ya mafaili yaliyofungwa tayari kwa kupakuliwa, na haikuwamo katika hazina ya msimbo ambayo kila mtu alikuwa akiisoma. Sababu ya yote hayo kujulikana ni kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyejua mashine yake huchukua muda gani ikiwa nzima. Huo ndio ujuzi ninaoutaka kwa vijana wangu: wazijue mashine zao kiasi cha kuona zinapobadilika.

Baada ya kupima huja kufungua. Faili hufunguliwa ndani ya /opt au /usr/local, na swali la kwanza la kweli hujitokeza hapo: kitu hiki kikae wapi? Linux ina desturi zake. Vinavyosimamiwa na mfumo hukaa /usr. Vilivyoletwa na mwenye mashine hukaa pembeni ili visigongane navyo. Kisha jina la folda ya kompaila huongezwa katika PATH, orodha ya mahali ambapo dirisha la amri hutafuta programu. Kuanzia hapo mwanafunzi huandika amri ya kuuliza toleo, kompaila hujitaja, na darasa zima hupumua. Wengi hudhani kazi imekwisha.

Wanaandika programu ya kwanza na kompaila inaikubali bila lalamiko. Wanaiendesha, nayo inakataa kuanza, ikisema kwamba imetafuta toleo la GLIBCXX_3.4.30 ndani ya faili ya libstdc++.so.6 na haikulipata. Hapa ndipo msichana mmoja wa Bungoma aliponiuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kudanganywa, "Mwalimu, si wenyewe walishaimaliza hii? Mbona bado tunaitengeneza sisi?"

Nilimjibu, "Waliimalizia kwao, binti yangu. Kwako ndiyo inaanza."

Kisha tukakaa kulichambua kosa, maana kosa hilo linaeleza mengi. Laptopu yake ilikuwa na Ubuntu 20.04, mfumo uliotoka na GCC 9. Tulikuwa tumeweka GCC 12 kando yake. Kompaila mpya ilipoisoma programu yake, iliijenga kwa kutegemea maktaba mpya ya C++ iliyokuja nayo, ambayo imo katika folda ya lib64 ndani ya /opt. Lakini kujenga programu na kuiendesha ni nyakati mbili tofauti, na kila wakati una msimamizi wake. Wakati wa kujenga, kiunganishi, yaani chombo kinachoiunganisha programu na maktaba zake, hutafuta maktaba pale kompaila inapokionyesha. Wakati wa kuendesha, kompaila haipo tena. Anayefanya kazi ni kipakizi, programu ndogo ya mfumo yenye kuzikusanya maktaba na kuziweka katika kumbukumbu ya mashine. Kipakizi hakijui lolote kuhusu /opt. Kilitafuta katika folda zake za kawaida, kikakuta libstdc++.so.6 ya zamani yenye jina lilelile, kikaichukua. Kila sehemu ilitimiza wajibu wake. Kilichokosekana ni mtu wa kuieleza sehemu ya pili yale ambayo ya kwanza ilikuwa ikiyajua.

Kumbuka kwamba maktaba iliyotakiwa ilikuwa ndani ya mashine muda wote, kwenye diski ileile. Ujinga wa mahali ndio uliokuwa tatizo. Nafikiri hali hii ni ya kawaida kuliko tunavyokubali. Mara nyingi katika kaunti zetu tunaambiwa kwamba tunakosa vifaa, na mara nyingi ni kweli. Lakini zipo nyakati ambapo kifaa kimeshafika, kimefungiwa ndani ya kabati la maabara, na kinachokosekana ni mtu wa kukiunganisha na wanaokihitaji. Kazi ya huyo haionekani katika picha za uzinduzi. Haina utepe wa kukata. Bila yeye, kilichonunuliwa hakina faida.

Njia za kukiambia kipakizi mahali pa kutafuta ni kadhaa, na kila moja ina tabia yake. Ya haraka ni LD_LIBRARY_PATH, orodha ambayo mtumiaji huiandika katika dirisha la amri. Inatii papo hapo, na kwa majaribio inafaa. Ila amri yake huathiri kila kinachoendeshwa katika dirisha hilo, hata programu ambazo hazikuuliza kitu. Maktaba mpya uliyoielekeza kwa ajili ya programu moja inaweza kuchukuliwa na nyingine iliyokuwa ikitumia ya zamani kwa amani. Ndani yake pia mna kosa dogo la hatari ambalo hata watu wenye ujuzi huliandika. Orodha hiyo hutenganishwa kwa nukta pacha. Ukiongeza folda yako mbele ya orodha ya zamani, na orodha hiyo ikawa tupu, mwishoni hubaki nukta pacha isiyofuatwa na kitu. Kwa kipakizi, nafasi hiyo tupu maana yake ni folda yoyote uliyomo wakati huo. Mtu akikuwekea maktaba yenye jina zuri na nia mbaya katika folda ya mafaili uliyoipakua, mashine yako inaweza kuichukua. Usalama wa kazi yote hutegemea alama moja ya uandishi.

Njia ya pili ni ya msimamizi wa mashine: kuandika jina la folda katika faili iliyo ndani ya /etc/ld.so.conf.d, kisha kuita amri ya ldconfig, ambayo hukagua folda zote na kuandika upya orodha ambayo kipakizi huisoma. Hii inadumu, na kila mtumiaji wa mashine huipata. Kwa hiyo inataka busara ya anayefanya uamuzi kwa niaba ya wengine. Katika maabara ambayo laptopu moja hutumiwa na wanafunzi wengi, mimi huwataka wakubaliane kwanza kabla yeyote hajaigusa.

Njia ya tatu huandikwa ndani ya programu yenyewe wakati inapojengwa, ili ibebe habari za maktaba zake popote iendapo. Ndani ya njia hii pana neno moja ambalo mimi hulipenda kuliko mengine yote katika somo hili, $ORIGIN. Programu iliyojengwa kwa neno hilo haisemi, "Maktaba yangu iko katika folda fulani ya mashine fulani." Husema, "Tafuta kuanzia hapa nilipo mimi." Ukiihamisha pamoja na maktaba zake, kutoka /opt kwenda folda ya nyumbani, kutoka laptopu ya Kitale kwenda ya Bungoma, bado itaziona, kwa kuwa hesabu yake ya njia huanzia mahali inaposimama. Wanaotayarisha kompaila za kusafiri mbali hutumia mbinu hii, na naiona kuwa heshima kwa watu wasiowajua. Wamekubali tangu mwanzo kwamba hawawezi kubashiri folda za wengine, hivyo wamejenga kitu kisichowalazimisha wengine kufanana nao.

Yapo pia mambo ambayo hakuna njia ya kuyaelekeza. Ukitoka Kitale kwa matatu, ukapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, unashuka. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma takriban 1,400. Wakulima wa pande hizi wanajua maana yake. Mbegu za mfululizo wa 600, kama H614, ni za nyanda za juu na huchukua miezi sita au zaidi kukomaa. Za mfululizo wa 500 ni za mwinuko wa kati na hukomaa mapema. Pwani ina zake. Hakuna anayeilaumu mbegu ya Kitale kwa kutostawi Malindi; kila mmoja anajua kwamba ilizalishwa kwa hali ya hewa fulani, na hali hiyo imo ndani ya mbegu yenyewe.

Programu iliyojengwa tayari nayo hubeba ndani yake hali ya mahali ilipojengwa. Maktaba ya msingi ya Linux, glibc, inafuata kanuni ya upande mmoja: programu iliyojengwa juu ya toleo la zamani huendelea kufanya kazi kwenye toleo jipya, ila iliyojengwa juu ya toleo jipya haina ahadi hiyo kwenye la zamani. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, na Ubuntu 22.04 ina 2.35. Aliyejenga kompaila yake kwenye mashine mpya, bila kumfikiria mwenye mashine kuukuu, amewafungia nje watu wengi wa kwetu, na huenda hajui kwamba wapo. Aliyeijenga makusudi kwenye mfumo wa zamani ametufikiria. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba siku watakapotoa programu zao kwa wengine, wazijenge kwenye mashine ya zamani kuliko zote walizo nazo, kwa sababu mahali fulani yupo mtu mwenye laptopu ya zamani kuliko zao.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni utegemezi. Kwamba mtu huru huijenga kompaila yake kutoka mwanzo, akausoma kila mstari. Naiheshimu hoja hiyo, na imenifikirisha sana. Lakini hakuna aliyeanzia mwanzo. Kompaila ya kujengea kompaila nayo ilijengwa kwa kompaila. Tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013, GCC yenyewe inahitaji kompaila ya C++ ili ijengwe, yaani anayetaka kuijenga lazima awe na nyingine iliyo tayari. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionyesha jinsi kompaila inavyoweza kufundishwa kuficha hila katika kila programu inayoijenga, pamoja na kompaila zitakazozaliwa nayo, huku msimbo wake ukisomeka safi kabisa. Funzo lake lilikuwa zito: kusoma msimbo hakutoshi ikiwa chombo kinachoutafsiri hakiaminiki.

Watu hawakukata tamaa kwa sababu ya hotuba hiyo. Mwezi Aprili mwaka 2023 mradi wa Guix, unaosambaza programu huru, ulitangaza kwamba unaweza kujenga mkusanyiko wake wa programu, hatua kwa hatua, kuanzia programu moja iliyo tayari yenye baiti 357 tu. Ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye subira anaweza kuikagua baiti kwa baiti. Kazi hiyo ilichukua miaka na mikono mingi, na inastahili sifa zote. Hata hivyo, angalia: haikufika sifuri. Mwanzoni kabisa bado pana kitu kilichopokelewa. Tofauti iliyopo kati ya mradi huo mkubwa na kijana wa Kiminini mwenye flashi ni ya kiwango cha ukaguzi, na kiwango hicho kinaweza kupandishwa.

Kwa hiyo sioni aibu katika kupokea. Harrison na wenzake wa Kitale walipokea Ecuador 573, na kama wangeikataa kwa kuwa imetoka mbali, H611 isingezaliwa. Vilevile hawakuiacha kama walivyoipokea. Waliichanganya na ya hapa, wakaijaribu katika udongo wa hapa, wakaandika waliyoyaona. Kupokea kulikuwa mwanzo wa kazi.

Zaidi ya hapo, programu huru inatupa haki ambayo mbegu chotara haitoi. Mkulima akihifadhi punje za mahindi chotara na kuzipanda msimu unaofuata, mavuno hupungua, hivyo kila mwaka sharti arudi dukani. Mistari ya wazazi iko kwa mwenye kampuni. GCC hutolewa chini ya leseni ya GPL, inayomtaka kila anayegawa programu iliyojengwa tayari awape wapokeaji njia ya kupata na msimbo wake. Wazazi hawafichwi. Na leseni ya maktaba zake ina kifungu maalumu kinachomhakikishia anayeitumia kompaila hiyo kwa kawaida kwamba programu aliyoijenga ni yake, aitoe bure au aiuze. Kijana wa Bungoma akiandika programu ya kuhesabu miwa ya wakulima, au ya kupanga zamu za kinu cha kusaga, hana deni kwa mtu. Hii ni mali kubwa, nayo imo ndani ya folda ambazo tunazipita haraka tukitafuta kitu kinachong'aa zaidi.

Yule msichana wa Bungoma alipoandika njia sahihi na programu yake ikaanza, hakushangilia. Alichukua daftari, akaandika jina la folda, toleo la kompaila, amri aliyotumia na sababu ya kuitumia. Aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, mdogo wake atakuja kuitumia laptopu hiyo. Kwa maoni yangu ukurasa ule ni sehemu ya kompaila, kama vile majedwali ya majaribio ya kituo cha Kitale yalivyokuwa sehemu ya mbegu. Aliyejenga kule mbali asingeweza kuuandika. Hakuijua mashine, hakuijua stima yetu, hakumjua mdogo wake.

Walimu wenzangu wa Kitale, Bungoma na kwingineko, nina ombi kwenu. Msiwawekee wanafunzi kompaila usiku ili asubuhi wakute kila kitu kiko sawa. Mpeni kila mmoja, angalau mara moja, faili iliyofungwa. Aipime kwanza, aifungue, achague mahali pa kuiweka, akutane na kosa la maktaba isiyoonekana, aitafute njia, kisha aandike kwa lugha anayoielewa yale aliyoyafanya na kwa nini. Mtihani ukifika, kazi hiyo ipewe alama zake kamili. Ni ujenzi, na walioifanya wanastahili kuitwa wajenzi.